Nani ana ruhusa ya kuondoka: jibu kwa msomaji aliyebishana na shangazi yake

SWALI: Shikamoo mwalimu. Juzi nimeangalia na shangazi yangu filamu ya Hou Hsiao-hsien wa Taiwan, Three Times. Ni hadithi tatu za mapenzi, waigizaji ni walewale wawili, ila miaka inabadilika: 1966, halafu 1911, halafu 2005. Katika ya kwanza wanaishia kushikana mikono. Katika ya pili hatusikii hata neno. Katika ya tatu wanalala pamoja mapema kabisa. Shangazi akasema, "Umeona? Zamani watu walipendana, siku hizi ni tamaa tupu." Nilibisha, lakini hoja sikuwa nayo, maana kweli ile ya 2005 iliniacha na baridi. Je, ndicho alichotaka kusema mwongozaji? Na kwa nini ile ya 1911 haina sauti? Msomaji wako, Tanga.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe shangazi salamu zangu, na umwambie hajaangalia vibaya. Hadithi ya 1966 imesukwa hivyo kwamba ukifika mwisho wake unajikuta unatamani ungezaliwa miaka ile. Kila nikiionyesha darasani, vijana waliokuwa wanachezea simu huziweka chini bila kuambiwa. Lakini kwa swali lako jibu langu ni hapana. Hou hakutengeneza filamu ya kusema kwamba wazee walipenda na vijana wanatamani. Hamu aliyoiweka katika hadithi zote tatu ni ileile. Kinachobadilika ni nani ana ruhusa ya kuondoka, na nani ana uwezo wa kumfuata.

Tuanze na mpangilio, maana hapo ndipo hoja ya shangazi inapolegea. Kama mwongozaji angetaka kutuonyesha mapenzi yakiharibika mwaka hadi mwaka, kazi ilikuwa rahisi: angeanza na 1911, akaja 1966, akamalizia na 2005. Tungeshuka ngazi moja moja mpaka chini. Yeye akaanza katikati. Akatupa kwanza utamu, kisha akaturudisha nyuma miaka 55, ndani ya nyumba ambayo mwanamke hawezi kuivuka kizingiti chake. Ukitoka humo ndipo unatupwa barabarani Taipei, juu ya pikipiki. Neno "zamani" la shangazi linachanganya nyakati mbili ambazo filamu yenyewe imezitenganisha kwa makusudi. Zamani ipi? Ile ya msichana wa klabu ya biliadi anayehama mji akitaka, au ile ya mwimbaji anayesubiri kununuliwa?

Hou alizaliwa mwaka 1947 huko Guangdong, China bara, akapelekwa Taiwan akiwa bado mchanga, akakulia Fengshan, karibu na bandari ya Kaohsiung. Vilabu vya biliadi vya hadithi ya kwanza ni vya ujana wake mwenyewe. Jina la filamu kwa Kichina lina maana ya nyakati bora kabisa, naye alieleza kwamba nyakati hizo si bora kwa sababu zilikuwa nzuri kuliko nyingine. Tunaziita hivyo kwa sababu zimetupotea na hazirudi, zimebaki kumbukumbu. Ukilishika hilo, utaona kwamba ile 1966 inayoonekana ni 1966 inayokumbukwa.

Tena ushahidi upo masikioni. Katika barua yake kijana anautaja wimbo "Rain and Tears", na wimbo huohuo unapigwa mpaka unaingia rohoni. Wimbo ule, wa kundi la Aphrodite's Child, ulitoka mwaka 1968. Yaani mwaka 1966 haukuwepo duniani. Wako wanaolihesabu hilo kuwa kosa. Mimi naona ndivyo moyo unavyotunza mambo: unachukua wimbo wa mwaka huu na mvua ya mwaka ule, unavikunja pamoja kama nguo sandukuni. Muulize shangazi wimbo uliokuwa ukipigwa siku aliyomwona mumewe mara ya kwanza, kisha mkatafute ulitoka lini.

Sasa ule mkono. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo penye ufundi. Kijana anakwenda jeshini kwa mujibu wa sheria. Kabla ya kuondoka alikuwa na macho kwa msichana mwingine, na barua yake ya kwanza alimwandikia huyo. Huyu anayeitwa May alikuja tu kuchukua kazi ya kuwahudumia wachezaji na kuhesabu alama. Wanacheza pamoja usiku mmoja, wanaongea machache, kijana anaahidi kuandika, na anaandika. Akirudi kwa likizo fupi, msichana amehama. Basi anaanza kumtafuta mji kwa mji, akiuliza hapa, akielekezwa pale. Kamera inatuonyesha vibao vya barabarani vyenye majina ya miji, kimoja baada ya kingine, na hakuna anayetuambia kijana anahisi nini. Kibao kinatosha.

Anampata katika mji wa Huwei, ndani ya klabu nyingine ya biliadi. Hawakimbiliani. Msichana anacheka, kicheko cha mtu aliyefumaniwa na furaha. Anamletea chai, anamsubirisha mpaka kazi iishe. Wanakula usiku kwenye kibanda cha chakula. Treni imeshaondoka, asubuhi kijana anatakiwa kambini, kwa hiyo wanakwenda kungoja basi. Mvua inanyesha. Mpigapicha Mark Lee Ping-bin anaishusha kamera taratibu, na chini pale vidole vinatafutana, vinagusana, vinashikana. Basi. Kwa uzito wake, tendo lile ni kubwa kuliko tendo lolote la kitandani nililowahi kuliona kwenye filamu.

Lakini jiulize uzito ule umetoka wapi. Haukutoka kwenye usafi wa miaka ile. Umetoka kwenye vibao vya barabara. Tumesafiri naye kila kituo, kwa hiyo mikono ikikutana imebeba nauli yote, siku yote ya likizo, na adhabu inayomngoja akichelewa kambini. Na yule anayemlazimisha kurudi asubuhi ni dola. Taiwan ilikuwa chini ya sheria ya kijeshi tangu 1949 hadi 1987. Filamu haihubiri juu ya hilo hata sentensi moja, ila saa ya kuripoti ipo, na ndiyo inayoufanya usiku uwe mfupi. Wale wawili hawakuchagua kuishia kwenye mkono. Wangepewa siku tatu sijui wangeishia wapi, na shangazi naye hajui.

Hapo naomba nimguse shangazi kwenye neno lake, "tamaa". Kiswahili hakikutunyima maneno katika jambo hili: kuna hamu, shauku, matamanio, ashiki, uchu, mahaba, huba. Washairi wetu wa pwani walizitumia zote bila kuziweka mapenzi upande huu na mwili upande ule kama kondoo na mbuzi. Ashiki ni hamu ya mwili na moyo kwa pamoja. Kijana yule aliyepanda mabasi siku nzima alikuwa na ashiki, na mwili wake wote ulikuwa safarini. Tukisema yeye alipenda na kijana wa 2005 anatamani, tumewapa majina mawili watu wenye homa moja.

Njoo sasa 1911, kwenye ukimya uliouuliza. Sababu ya kwanza ni ya kazi tu. Watu wa Taipei wa wakati ule wangezungumza Kitaiwani cha zamani, chenye adabu na mapambo yake, na waigizaji Shu Qi na Chang Chen wasingeweza kukijifunza kikasikika kweli kwa muda uliokuwepo. Hou akaamua kuiondoa sauti ya mazungumzo na kuifanya hadithi kuwa sinema bubu, yenye maandishi kati ya picha na muziki wa piano. Waongozaji wengi wangeweka lugha ya leo midomoni mwao wakaendelea. Yeye aliuchukua upungufu akaujenga ndani ya nyumba, ukawa nguzo.

Kwa maana ona kinachotokea. Mwanamke anafungua mdomo, tunaona midomo inakwenda, na maneno yake yanakuja baadaye, yameandikwa, yametulia, yamepambwa. Sisi watu wa pwani jambo hilo tunalijua kwenye kanga. Kuna maneno ambayo mwanamke hawezi kumwambia mkwe au mume, basi anayavaa. Yanasomwa na kila mtu, na hakuna anayeweza kumshitaki kwamba kayatamka. Maandishi ya hadithi hii yana ubaridi huohuo wa adabu. Sauti pekee ya binadamu tunayoisikia ni anapoimba. Anaimba nanguan, muziki wa kale wa kusini mwa China uliokita mizizi Taiwan, na anaimba kwa sababu wageni wamelipia. Ile sauti tunayopewa kuisikia ni ile iliyouzwa. Nilipoligundua hilo mara ya kwanza nililazimika kusimamisha filamu nikatembea kidogo.

Mahali penyewe ni Dadaocheng, mtaa wa wafanyabiashara wa chai. Nyumba ni danguro la wenye nacho, ambako wanawake hufundishwa kuimba, kupiga chombo cha nyuzi na kupokea wageni kwa heshima. Mgeni wa mwimbaji wetu, Bwana Chang, ni mwandishi wa magazeti, mfuasi wa Liang Qichao, yule mwanamageuzi wa China aliyeitembelea Taiwan mwaka huohuo 1911. Taiwan ilikuwa mikononi mwa Wajapani tangu 1895, na huko China mapinduzi yalianza Wuchang mwezi Oktoba. Bwana Chang moyo wake uko kwenye uhuru wa watu wake. Na hadithi yenyewe inaitwa, kwa Kiswahili, wakati wa uhuru.

Tazama wanavyoishi ndani ya chumba kile. Mwanamke anamletea Bwana Chang maji ya kunawa uso. Anamchana na kumsuka ule mkia wa nywele wa wanaume wa Kichina wa wakati ule. Anafanya hivyo bila haraka, kama mke wa miaka mingi, na taa inawamulika kwa rangi ya asali. Ukiangalia vidole vyake peke yake utasema hapa pana ndoa. Na kamera haituchukui barabarani: tunaishi ndani, na jua tunaliona likipenya milangoni na kwenye vioo.

Halafu linakuja jambo la suria. Msichana mwenzake ameshika mimba ya mtoto wa tajiri wa chai, na familia ile iko tayari kumchukua awe suria, ila fedha wanayotoa haifiki bei anayoitaka mama mwenye nyumba. Bwana Chang, ambaye ameandika hadharani kuupinga usuria, anajazia fedha iliyopungua ili msichana atoke. Ni wema, na nauheshimu. Lakini kwa kuwa huyo ametoka, yule mwanamke wa Bwana Chang, aliyekuwa na tumaini la kuondoka, sasa anaombwa abaki mpaka mtoto mpya aliyenunuliwa akomae katika kazi. Mtoto mwenyewe ana umri wa kama miaka kumi. Na Bwana Chang hawezi kumchukua yeye awe suria wake, kwa sababu msimamo wake haumruhusu. Mwanamke anamuuliza kama amewahi kufikiria hatima yake. Hapati jibu. Huhitaji sauti ili usikie ukimya ule.

Neno suria nimelitumia kwa makusudi, maana ni letu. Pale Zanzibar, amri ya mwaka 1897 ya kuondoa utumwa iliwaacha masuria nje. Walihesabiwa kama wake, ikasemwa kuwatoa ni kuvunja nyumba za watu, na walisubiri mpaka 1909 ndipo sheria ikawafikia. Miaka 2 tu kabla ya hadithi hii ya Taipei. Wanaume waliokuwa wanajadili uhuru, huko na huku, walikuta neno hilo lina mlango mdogo nyuma ambao halikuufungua. Sisemi hivyo kumkasirikia Bwana Chang. Chang Chen anamwigiza kwa upole mkubwa, na naamini anampenda mwanamke yule. Ila shangazi akisema zamani walipendana, mwambie ndiyo, hawa walipendana sana, na mapenzi yao hayakumfungulia mwanamke hata dirisha.

Ya 2005 nitaizungumza kwa ufupi zaidi, ingawa ndiyo iliyokuumiza. Jing ni mwimbaji. Ana kifafa, alizaliwa kabla ya siku zake kutimia, jicho la kulia linapoteza nuru, na shingoni huvaa kadi ya kuwaeleza watu la kufanya akianguka. Ana mpenzi wa kike, Micky. Kijana, Zhen, ni mpigapicha naye ana msichana wake. Wanafichana, wanapigiana simu zisizopokewa, wanaandikiana ujumbe. Micky anamwachia kwenye kompyuta maneno ya kutisha kwamba atajiua. Hakuna mzazi anayemzuia Jing, hakuna mwenye nyumba wa kumnunua, hakuna saa ya kuripoti kambini. Na kwamba anapenda mwanamke na mwanamume, filamu hailifanyi kuwa kesi. Kinachowatesa ni uongo na kuachwa. Nchi ile baadaye, mwezi Mei 2019, ikawa ya kwanza Asia kuruhusu ndoa za jinsia moja, lakini wakati wa hadithi hii sheria hiyo haikuwepo, na Micky hakuwa na cheo chochote cha kudai mbele ya mtu.

Baridi uliyoihisi ni ya kweli. Angalia taa: zile nyeupe za mirija, na bluu ya kioo cha kompyuta, baada ya asali ya 1911 na kijani cha meza za biliadi. Angalia na kingine. Mwaka 1966 barua ilichukua siku, na siku hizo ndizo zilizojaa hamu. Mwaka 2005 ujumbe unafika hapohapo, kwa hiyo anayeupuuza anaonekana anaupuuza. Kungoja hakukuisha, kumehamia mahali pengine. Micky anangoja kuliko mtu yeyote katika filamu nzima, na sisi watazamaji tunampita kwa sababu macho yetu yako kwa wale wawili kwenye pikipiki. Nadhani sehemu ya ubaridi wako ni kwamba umeombwa umpende mtu anayemuumiza mwingine mbele ya macho yako. Katika 1966, yule msichana wa kwanza aliyeandikiwa barua alishaondoka, hatukuona uso wake ukisoma chochote. Angekuwepo, mkono ule wa kwenye mvua ungekuwa mtamu vilevile?

Na umtazame Shu Qi. Huyu dada alianzia Hong Kong miaka ya 1990 kwenye filamu za watu wazima tu, mwili wake ukiwa ndiyo bidhaa. Hapa amepewa wanawake watatu: mmoja hatumwoni hata akibusu, mmoja anauzwa na bado amejifunga kola mpaka juu, mmoja anavua nguo na anabaki amefungwa kuliko wote. Alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike ya Golden Horse kwa kazi hii mwaka 2005, na sijui mwigizaji aliyeistahili zaidi. Jing akiwa nyuma ya pikipiki, ameegemea mgongo wa Zhen, ana uso wa mtu anayeshika kitu kwa nguvu akijua anaweza kudondoka wakati wowote, na kwa ugonjwa wake anaweza kweli. Mkono ule unaomzunguka kiuno kijana ni ndugu wa mkono wa kituo cha basi.

Kwa hiyo, ukikaa na shangazi tena, msianzie mwanzo. Anzeni na 1911, nendeni 1966, malizieni 2005. Mtaona jinsi 1966 inavyobadilika ikija ya pili: hutaona tena usafi wa zamani, utaona msichana anayebadilisha kazi kwa hiari yake na kuacha anwani kwa watu wa nyumbani, jambo ambalo mwimbaji wa Dadaocheng asingeliota. Na kabla ya kutoka 1911, subirini barua. Bwana Chang anaandika kutoka Shimonoseki, mji wa Japani ulikotiwa saini mkataba wa 1895 ulioikabidhi Taiwan kwa Wajapani. Anamwandikia shairi la Liang Qichao, la uchungu wa kupoteza nchi. Mwanamke anaisoma yote. Humo ndani hakuna mstari hata mmoja unaomhusu yeye. Mwambie shangazi amtazame usoni anapoifikisha mwisho, kisha niandikie alichosema.